Harusi Bila Kadi

Jumatatu, 6 Agosti 2018

Zimebaki siku kumi na tisa. Bajeti imekamilika! Shilingi laki moja, arobaini na nane elfu na mia sita. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari jipya, nikatoa nakala mbili kwa mashine yangu mwenyewe. Kwingine ningelipa shilingi kumi. Tayari nimeokoa kumi.

Hapa Nchiru hakuna anayejua kubana matumizi kunishinda. Wanafunzi wa chuo wanaokuja kibandani kwangu wanajua: karatasi iliyochapwa upande mmoja haitupwi, ina maisha ya pili. Rwamba peke yake ndiye hajaamini. Rwamba ni mke wangu mtarajiwa, mwalimu wa hesabu kule Manyatta, upande wa Embu, na mtu wa hesabu ni vigumu kumvutia kwa maneno.

Tuna akiba mbili. Laki moja na nusu ni ya harusi, iko benki kwa jina langu. Laki moja na sitini ni ya ng'ombe wa maziwa, iko kwenye Sacco mjini Meru kwa majina yetu sote wawili, na yeyote kati yetu anaweza kuitoa. Ni yeye aliyetaka hivyo. Alisema ndoa ni kuaminiana. Halafu akasema nikigusa pesa ya ng'ombe kwa ajili ya keki, gari au kitu chochote chenye utepe, hiyo harusi nitaifanya na Kaberia.

Kaberia ni binamu yangu. Anauza mabati na misumari mjini. Alioa Desemba: keki saba, kamera ya kupaa angani, wageni mia nne. Hadi leo anasimulia.

Kamati ya harusi imekutana kwangu leo jioni. Michango: 4,700. Chai, mandazi na mayai ya wanakamati: 6,200. Kaberia alijiteua mwenyekiti na hakuna aliyepinga, midomo ilikuwa imejaa. Yeye peke yake alikula mayai manne.

Jumatano, 8 Agosti

Nimepata wazo kubwa. Sijalala vizuri kwa furaha.

Kinachomaliza pesa harusini ni wageni. Na wageni huletwa na nini? Kadi! Mimi huchapisha kadi za watu kila wiki, nimeona kwa macho yangu. Mtu akichapisha mia mbili, wanakuja mia tatu. Kwa hiyo mimi sitachapisha hata moja. Asiyepewa kadi atajua hakualikwa. Watakuja ndugu wa karibu tu, sitini hivi, na wino wangu utabaki.

Zaidi ya hayo, harusi yote itafanyika Manyatta, kanisa la kina Rwamba, na sherehe kwenye uwanja wa shule iliyo jirani. Kutoka hapa hadi kule ni karibu saa tatu na nauli si mchezo. Nani wa Nchiru atajigharamia hivyo ili ale pilau ya mwingine?

Nimemweleza mama. Aliweka chini kisu cha viazi. Alisema kadi ni ya kuwaambia watu nani asije. Nikamwambia hajasoma biashara. Akasema ni kweli, akarudi kwa viazi vyake.

Nimemweleza Rwamba kwa simu. Aliuliza kama nina uhakika. Nikasema asilimia mia. Aliguna tu.

Jumapili, 12 Agosti

Balaa.

Katika matangazo ya kanisa mchungaji alisoma kwamba kijana wetu Mwongera anafunga ndoa tarehe ishirini na tano. Nikasimama, nikapunga mkono, nikakaa. Mpaka hapo vizuri. Kisha akauliza kama kadi zimetoka. Mama akasema hakuna kadi. Kanisa zima likapiga makofi! Mzee mmoja nyuma akashukuru Mungu kwamba bado kuna vijana wasiobagua watu kwa karatasi.

Sijakaa sawa, Kaberia huyo amesimama. Koti la kijivu. Akasema amesikia umbali ni tatizo, na yeye kama mwenyekiti hawezi kuona ndugu zake wakibaki. Atakodi mabasi mawili ya shule kwa pesa yake. Viti sitini na viwili kila moja. Makofi tena, na vigelegele. Watu walikuwa wakinishika mkono mimi huku wakimsifu yeye.

Mtu akikufadhili namna hiyo huwezi hata kumshtaki.

Jumanne, 14 Agosti

Nimefika Manyatta kutafuta hema. Kivuti, mwenye hema na viti, anataka elfu thelathini. Nikamwambia hiyo bei ni ya watu wasio na akili. Akasema basi nitumie akili.

Nikatumia! Nimeambiwa kuna mzee wa miaka tisini na saba aliyefariki, boma la pili kutoka kwa kina Rwamba. Atazikwa Ijumaa tarehe ishirini na nne, na ibada itakuwa uwanja uleule wa shule. Kivuti atasimamisha hema Ijumaa asubuhi. Kwa nini aling'oe Ijumaa jioni na kulisimamisha tena Jumamosi? Liache palepale! Tukakubaliana elfu kumi na nne.

Nikampitia baba yake Rwamba, mzee Nyaga, kumpa habari njema. Alinikaribisha uji wa wimbi uliochacha, akanisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama nimewauliza wafiwa. Nikasema wafiwa hawana hasara yoyote. Akaniuliza tena. Ikabidi nitembee hadi kwa wafiwa na kofia mkononi. Walikubali kwa upole mwingi, na nikachangia maziko elfu mbili kwa aibu. Bado nimeokoa.

Uji ule ulinishibisha hata sikuweza kula chakula cha mama mkwe. Nimeuandika daftarini. Mgeni akifika tu, kikombe cha uji. Cha nusu lita! Pilau ataiona kwa macho.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimenunua visahani mia tatu kwa bei ya kutupa. Ni vya kikombe cha chai, lakini sahani ni sahani. Ukiweka pilau kijiko kimoja, kinajaa. Mtu atasema kwamba alipewa sahani iliyojaa na hatakuwa amedanganya.

Rwamba alikuja Nchiru leo akavikuta. Alichukua kimoja akakizungusha kidoleni. Aliniuliza kama ninaoa au ninafuga kuku. Nikacheka. Yeye akacheka kidogo, akakirudisha kisahani. Akasema yeye hataki sherehe ya kumshinda Kaberia, anataka mume atakayemwambia ukweli hata ukiwa mbaya. Nikamwambia ukweli ni kwamba bajeti iko sawa kabisa.

Ilikuwa imeshapita kwa elfu kumi na moja, lakini hilo ni jambo la marekebisho madogo.

Jumatatu, 20 Agosti

Shangazi yake Rwamba, Igoki, amenipigia simu. Mama huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Manyatta na sauti yake haihitaji simu. Alitaka nijue kwamba kijiji kimefurahi. Harusi bila kadi! Mara ya mwisho waliona hivyo kabla ya yeye kuolewa. Halafu wamesikia kutakuwa na uji wa wimbi, kama zamani. Wanakuja wote. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, wote ni wangapi. Akasema mia nne, na watoto hajahesabu.

Mia nne. Na mabasi mawili ya Kaberia. Nimekaa chini kwenye karatasi.

Nimempigia mpishi. Kwa idadi hiyo anataka elfu sitini juu ya zile nilizompa, na anazitaka kabla ya Ijumaa. Nimepitia daftari mara tatu. Nimefuta soksi za wasimamizi. Nimefuta puto. Nimebaki na pengo la elfu hamsini na nane.

Kuna pesa ya ng'ombe.

Sisemi kuitumia. Ninasema kuiazima. Watu wataleta bahasha Jumamosi, Jumatatu pesa imerudi, Rwamba hajui, ng'ombe hajui. Ni siku tano tu.

Najua alichosema. Lakini nikiwalaza watu njaa mbele ya Kaberia, nitahamia wapi?

Jumatano, 22 Agosti

Nimeenda Sacco. Nilivaa kofia, sijui kwa nini.

Nikampa karani kitambulisho, nikaulizia salio. Akanigeuzia karatasi. Shilingi mia nne na kumi na mbili. Nikamwambia akose tena. Yaani, aangalie tena. Akaangalia. Mia nne na kumi na mbili. Laki moja na sitini ilitolewa tarehe pili Agosti, na aliyetoa ni mwenye akaunti mwenzangu.

Rwamba.

Nimetoka nje nikasimama kando ya muuza ndizi kwa muda mrefu hadi akaniuliza kama ninanunua au ninalinda. Kwa nini atoe pesa yote wiki tatu kabla ya harusi, kimya kimya? Nimewaza majibu yote na ni moja tu linaloingia. Hanitaki. Amechukua nusu yake na yangu, ataniacha nimesimama kanisani na visahani mia tatu.

Na siwezi kumuuliza! Nikimuuliza pesa iko wapi, ataniuliza nilijuaje haipo. Nilienda kuangalia nini?

Jioni nilimpigia hata hivyo. Nilisema nimempigia kumsalimia. Aliniuliza siku imekuwaje. Nikasema nzuri. Akaniuliza, polepole, kama akiba yetu ya ng'ombe iko salama. Nikasema salama kabisa. Kisha akasema sawa, tuonane Jumamosi, na akakata.

Hakusema usiku mwema. Husema kila siku.

Alhamisi, 23 Agosti

Nimeuza mashine ya fotokopi. Kwa nani? Kwa Kaberia. Hakuna mwingine Meru nzima mwenye elfu sitini taslimu mfukoni siku ya Alhamisi.

Hata hakubishana bei. Alinihesabia noti juu ya lundo la misumari, akaniuliza kama kila kitu kiko sawa nyumbani. Nikasema naboresha vifaa. Wafanyakazi wake wawili waliibeba. Ilikuwa na karatasi ya mtu bado ndani.

Mpishi amelipwa. Kibanda kimebaki na meza, stapla na mimi.

Jumamosi, 25 Agosti

Naandika haya nikiwa nimevaa suti bado. Niandike kwa utaratibu.

Desturi ni kwamba upande wa bwana harusi ukienda kumchukua bibi harusi, unakuta lango limefungwa. Akina mama wako ndani, wanaimba, wanakutania, wanadai leso, wanadai noti, nanyi mnaimba na kutoa hadi lango lifunguke. Kila mtu anajua. Niliweka elfu tatu za sarafu na noti ndogo kwa kazi hiyo, na nikapanga tufike saa kumi na mbili asubuhi, kabla mashangazi hawajakusanyika.

Tukafika. Lango la mabati limefungwa. Wasimamizi wangu wakaanza kuimba. Hakuna aliyejibu. Wakaimba wa pili. Kimya. Nikachungulia chini ya lango, nikaona miguu. Miguu mingi sana ya akina mama, imesimama tu. Hakuna wimbo, hakuna utani, hakuna anayedai hata shilingi.

Nilijua hapo. Wamenikataa. Nikashika mabati. Sikufikiri, nilifungua mdomo tu. Nikasema Rwamba, najua unanisikia. Nilienda Sacco Jumatano. Nilienda kuchukua pesa ya ng'ombe, elfu sitini, nisikwambie. Ingekuwepo ningeichukua. Nilikudanganya kwa simu. Bajeti ilipita tangu wiki ya kwanza. Nimeuza mashine. Visahani ni vya chai. Uji ni wa kuwashibisha watu wasile pilau. Kama umechukua pesa ili uniache, kaa nayo, lakini uniambie wewe mwenyewe, nisiambiwe na lango.

Kisha sauti ya Igoki, juu ya mabati:

"Wewe Mmeru, hebu rudia hapo kwa Sacco. Wa nyuma hawakusikia."

Wakaangua kicheko! Kicheko cha kuziba midomo kwa leso. Lango likafunguka. Kumbe mzee Nyaga ndiye aliyekataza nyimbo, kwa heshima ya wafiwa wa boma la pili waliozika jana. Mpango wangu mwenyewe ulitegemea hema la mazishi yao, na sikukumbuka!

Ila hiyo si habari yote. Katikati ya ua alikuwa amesimama Rwamba na gauni lake, mkono mmoja umeinua pindo lisiguse matope, mwingine umeshika kamba. Mwisho wa kamba, ng'ombe. Mkubwa, mweusi na mweupe, ana mimba, anatafuna bila haraka. Alimnunua tarehe pili Agosti.

Aliniambia kwa sauti ya chini, wengine wakijifanya hawasikii. Sacco hutuma ujumbe kwa wenye akaunti wote wawili kila mmoja wao anapoulizia salio. Wangu ulikuwa ukienda kwa laini niliyoitupa mwezi wa tano nikikimbilia ofa ya nyingine. Simu yake ililia Jumatano saa tano asubuhi. Alingoja nimwambie. Nikampigia, nikasema salama kabisa.

"Nilimwambia shangazi nikikohoa ndio afungue," akasema. "Na hadi uliposema, sikuwa nimekohoa. Nilikuwa nangoja nione kama utaimba au utasema."

Nikamuuliza alinunua ng'ombe mapema kwa nini. Akasema kwa sababu ananijua. Nikamuuliza basi kwa nini anaolewa nami. Akafikiria, kwa kweli alifikiria. Akasema kwa sababu ananijua. Nililia mbele ya mashangazi kumi na wanane na sioni haya kuandika.

Yaliyobaki kwa kifupi. Wageni walikuwa mia sita na zaidi. Kikundi cha Igoki kilileta sufuria zake: mukimo wa viazi vya kuponda, maharage meusi ya njahi, nyama, kila boma na chungu chake. Aliposikia nimelipa mpishi wa kukodi alishangaa sana. Sherehe bila kadi ni ya kijiji, na kijiji hujipikia, sikuambiwa? Kilibaki chakula cha kulisha mazishi mengine matatu. Uji uliisha kwanza, wakauliza wa pili. Watu walikuja na sahani zao.

Picha ya marehemu ilisahaulika ikining'inia nyuma ya meza yetu. Katika kila picha ya harusi mzee wa miaka tisini na saba yuko katikati yetu, anatabasamu. Yeye ametoka vizuri kunishinda.

Na zawadi. Kaberia alikuja mbele na wanaume wawili na kitu kikubwa chenye utepe mwekundu. Ilikuwa mashine yangu. Alihutubia dakika thelathini na tano kuhusu ndugu kuinuana. Watu walisimama kumshangilia. Nilimkumbatia. Karatasi ya yule mtu ilikuwa bado ndani.

Jumatatu, 27 Agosti

Tuko nyumbani Nchiru. Ng'ombe alisafiri kwa pikapu na amekubali majani ya hapa. Akaunti ya Sacco sasa ni ya Rwamba peke yake, nilitia sahihi bila neno, na ni haki yake. Amenitengenezea chai akanipa kwa kisahani. Ananichokoza. Nina furaha ambayo sikuiwekea bajeti.

Leo nimekaa na daftari langu nikatulia nikapiga hesabu upya, na nimegundua jambo ambalo katika joto la siku ile hakuna aliyeliona. Mpango wangu ulifaulu! Hakukuwa na kadi. Kwa sababu hakukuwa na kadi, kijiji kilipika. Kama si yule mpishi, ambaye alikuwa kosa moja dogo, harusi ya watu mia sita ingenigharimu chini ya ile ya Kaberia ya watu mia nne. Huu ni ujuzi. Watu hulipia ujuzi.

Nimechapisha matangazo hamsini kwenye karatasi za upande wa pili: Mwongera, Mshauri wa Harusi za Gharama Nafuu. Visahani vipo. Mashine ipo. Kinachokosekana ni hema, na tayari nimezungumza na Kivuti. Ananiachia mawili yaliyotumika kwa elfu hamsini, na ni mtu mwelewa, hahitaji pesa taslimu. Amekubali kungoja hadi Oktoba, ng'ombe atakapozaa.

Rwamba alisema nisiguse pesa ya ng'ombe. Kuhusu ndama hakutaja chochote.